Kitindamlo cha matunda kwenye chungu cha umeme: dalili, chanzo na dawa yake

Chungu cha umeme cha kupikia polepole kilibuniwa kwa ajili ya maharage. Irving Naxon alipata hataza ya chombo hicho nchini Marekani mwaka 1940, na baadaye kikauzwa kwa jina la Naxon Beanery. Kampuni ya Rival ilikinunua, na mwaka 1971 ikakiingiza sokoni upya kwa jina la Crock-Pot. Naanza na habari hii kwa sababu ndani yake mna nusu ya majibu ya makosa yote yaliyo hapa chini. Haragwe ni kavu na gumu. Linataka maji mengi na saa nyingi. Tunda limekuja na maji yake, na kwa moto ule ule linaiva mapema zaidi. Ukilipika kama haragwe litakuharibikia.

Nusu nyingine imo kwenye sukari. Anayetaka kitindamlo chenye afya huanza kwa kuipunguza, na anafanya vyema. Lakini sukari haikuwa inatia utamu tu. Ilishikilia vipande visivunjike, iligeuza maji ya tunda yakawa shira, na ilichelewesha chakula kuchacha. Ukiitoa, kazi hizo zinabaki bila mwenyewe, na dalili zinajitokeza moja moja. Huhitaji kuirudisha. Unahitaji kujua nani atashika kazi ipi.

Ili tuelewane kuhusu vipimo, hiki ndicho ninachoanzia. Tufaha na peasi zilizotolewa kokwa, kilo 1.2, zimekatwa vipande vya unene wa sentimita 2. Tende 6 zilizolowekwa na kusagwa na vijiko 4 vya maji ya moto. Kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau, kijiti kimoja cha mdalasini, na chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole viwili. Chungu cha lita 3.5, ambacho kwa kiasi hicho hujaa kama theluthi mbili. Moto mkubwa saa 1 na nusu hadi 2, au moto mdogo karibu saa 3. Hakuna maji mengine yanayoongezwa.

Limejaa maji kama supu

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na ndilo ninalotaka tukae nalo zaidi.

Tufaha ni maji kwa takriban asilimia 85. Stroberi hufika 91. Piga hesabu: kilo 1.2 ya tufaha ina karibu lita nzima ya maji kabla hujatia hata tone. Kwenye sufuria ya kawaida iliyo wazi, sehemu ya maji hayo ingepaa na mvuke. Kwenye chungu hiki hayana pa kwenda. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko uliopoa kidogo, unageuka matone na kurudi chini. Ukiuinua mfuniko baada ya saa moja na kuuinamisha pembeni, utaona maji yanavyotiririka ukingoni kwa mkondo mmoja. Hayo yote yangerudi kwenye tunda.

Chanzo cha kawaida, basi, ni kutia maji au juisi "ili lisiungue". Haliungui kwa kukosa maji mengine; likianza kupata joto linatoa yake. Kama unaogopa dakika 20 za mwanzo, vijiko 3 au 4 vinatosha kabisa. Chanzo cha pili ni matunda yaliyogandishwa. Barafu huwa imeshapasua kuta za chembechembe za tunda, kwa hiyo yakiyeyuka yanaachia maji kwa mkupuo. Yayeyushe kwanza juu ya chujio, kinga maji yake kwenye bakuli, uyaweke kando.

Kama maji yameshajaa, kuna njia tatu, na ninazipenda kwa viwango tofauti.

Ninayoipenda kuliko zote: chota vipande kwa kijiko chenye matundu, viweke sahanini, kisha mimina maji yote kwenye sufuria pana uyachemshe jikoni, bila mfuniko, kwa moto mkali. Kwa vikombe viwili itachukua kama dakika 10. Mwanzoni mapovu ni makubwa na mepesi. Kadiri maji yanavyopungua, mapovu yanakuwa madogo, yanang'aa, na yanachelewa kupasuka. Pitisha kijiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kwa kitambo kabla ya kujifunga, epua. Hiyo ni shira ya tunda lenyewe, na utamu wake umekolea bila kuongeza chochote. Mwagia juu ya vipande. Ukijifunza jambo moja tu humu, jifunze hili, maana linatibu maji na uchapwa kwa pamoja.

Njia ya pili ni wanga wa mahindi, ule mweupe laini kama poda. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe cha maji ya tunda, ukorogwe kwanza na vijiko viwili vya maji baridi, kisha utiwe ndani dakika 20 hadi 30 kabla ya kuzima, moto ukiwa mkubwa. Usiutie mwanzoni. Asidi ya tunda na saa nyingi za joto huuvunja wanga, na uzito ulioupata saa ya kwanza utaukosa saa ya tatu.

Ya tatu ni mbegu za chia, kijiko kimoja au viwili, baada ya kuzima. Zinanyonya maji mara nyingi ya uzito wake na zinaongeza nyuzinyuzi. Subiri robo saa kabla ya kuhukumu. Zinafaa kwa matunda ya beri. Kwenye peasi mimi sizipendi, zinaharibu ulaini wake.

Vipande vimevunjika vyote, limekuwa uji

Kinachoshikilia kuta za tunda ni pektini, na pektini huyeyuka tunda linapokaa muda mrefu kwenye joto la karibu na kuchemka. Sukari ilikuwa inapunguza kasi hiyo: tunda lililopikwa kwenye shira linabaki na umbo, lililopikwa kwenye maji matupu linalegea. Kwa hiyo ukiwa umepunguza sukari, muda ulioandikwa kwenye maelekezo ya zamani ya mapishi haukufai tena. Upunguze. Anza kukagua ikiwa imebaki theluthi moja ya muda.

Kagua kwa ncha ya kisu, si kwa kijiko. Kisu kikiingia na kukutana na ukinzani mdogo katikati, zima, toa bakuli la ndani kama linatoka, uliweke juu ya kitambaa kikavu. Kauri inatunza joto na itaendelea kupika dakika nyingine 15. Wengi wanangoja kisu kipite bila kizuizi chochote ndipo wazime, na wakati huo tunda limeshapitiliza.

Angalia pia aina. Yapo matufaha yanayoyeyuka kwa asili yao, na hayo ni mazuri kwa rojo. Yapo yaliyo magumu na machachu kidogo yanayobaki vipande. Tunda lililoiva mno lina pektini iliyokwisha kulegea hata kabla ya moto. Limau husaidia, kwa kuwa asidi huchelewesha pektini kuyeyuka. Matunda laini kama pichi, plamu, embe na beri yaingie nusu saa ya mwisho, na ndizi dakika 10 za mwisho.

Uji ukishakuwa uji haurudi kuwa vipande. Usage ukawe laini, uuchemshe kidogo uzidi kuwa mzito, uule na mtindi. Ni kitindamlo kingine, lakini ni kizuri.

Saa tatu zimepita na bado ni gumu

Kwanza jiulize umefunua mara ngapi. Kila unapofunua, joto lililokusanyika linatoka, na chungu kinahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulirudisha. Ukifunua mara nne umejiongezea zaidi ya saa.

Pili, huenda tatizo ni huko huko kukawia. Tunda likikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kimeng'enya kilichomo ndani yake (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia) huibadilisha pektini ikajifunga na madini ya kalisi, na vipande vinakuwa vigumu kwa namna ambayo hata kupika zaidi hakuvilegezi vizuri. Chungu kilichojazwa pomoni, au kilichoachwa kwenye sehemu ya kutunza joto badala ya kupikia, kinapita kwenye joto hilo polepole mno. Dawa ni kuanza na moto mkubwa dakika 40 za kwanza, kisha kushusha. Katika vyungu vingi moto mdogo na mkubwa hufikia mwisho unaokaribiana, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni kasi ya kufika huko.

Ukiwa na shaka na chungu chenyewe, kipime. Kijaze maji hadi nusu, kifunike, kiache moto mdogo saa 8, kisha fungua na utie kipimajoto haraka. Yakiwa chini ya nyuzi 85, chungu hakipati joto la kutosha, na hakifai kupikia nyama wala maharage pia.

Limau likizidi linaweza kuleta ugumu huo huo. Vijiko viwili vikubwa kwa kilo moja ndio mwisho wangu. Ukitaka uchachu zaidi, ongeza wakati wa kula.

Limeiva vizuri lakini ni chapwa

Usikimbilie asali. Onja tena likiwa la uvuguvugu, kwa sababu ulimi uliounguzwa hauwezi kupima utamu. Kama bado ni chapwa, tafuta kinachokosekana, na mara nyingi kitakuwa harufu, si sukari. Harufu ya tunda na ya vanila ni vitu vinavyoruka na mvuke. Kila ulipofunua ukanukia jikoni kote, hicho ulichonusa kimetoka chunguni.

Basi rudisha harufu mwishoni: vanila baada ya kuzima, ganda la chungwa au limau lililoparwa laini, tangawizi mbichi kidogo, au konzi ya tunda lile lile likiwa bichi, limekatwa vipande vidogo. Hiyo konzi inarudisha pia sehemu ya vitamini C iliyopotea kwenye moto. Halafu ongeza chumvi kidogo sana. Chumvi inafifisha uchungu, na uchungu ukipungua utamu unasikika.

Hayo yote yakishindikana, tunda halikuwa limeiva. Hapo ndipo tende moja zaidi ina haki ya kuingia.

Nimeacha sukari, lakini hesabu bado ni kubwa

Hii ni dalili isiyoonekana kwa jicho, na ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu mtu amejinyima na hajapata alichokitafuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari huru isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na linaona ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa anayekula kalori 2,000. Sukari huru si ile ya kwenye kopo la sukari tu. Asali imo. Shira zote zimo. Juisi ya matunda imo pia, hata uliyoikamua mwenyewe. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo.

Sasa tazama kilichoingia chunguni. Kikombe cha mililita 240 cha juisi ya tufaha kina takriban gramu 24 za sukari, na ulikitia kama maji tu. Matunda ya kopo yalikuwa kwenye shira. Zabibu kavu au beri kavu zilikuwa zimepakwa sukari kiwandani. Soma karatasi ya pakiti. Mtindi wa juu ulikuwa wa kutiwa utamu. Vijiko vitatu vya asali ulivihesabu kuwa dawa.

Tende nazo nizisemee ukweli ingawa ninazitumia: karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Faida yake ni kwamba huja na nyuzinyuzi, na sita zilizosagwa hutosha sahani ya watu sita. Zikiwa kumi na tano hujapunguza kitu. Kwa mwenye kisukari, hata wanga wa matunda yenyewe unahesabiwa, kwa hiyo ukubwa wa sahani una uzito kuliko aina ya kitamu. Na kama umeweka asali, mtoto aliye chini ya mwaka 1 asile, hata kama imepikwa. Joto la chungu haliui mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli.

Kuhusu vitamu vya badala ya sukari: aspatame hupoteza utamu ikipikwa muda mrefu, hivyo kuitia mwanzoni ni kuitupa. Stevia inahimili moto, ila ikizidi inaacha uchungu nyuma ya ulimi.

Lina uchungu au ukakasi

Uchungu mara nyingi ni ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda la chungwa au limau, iliyochemka saa tatu. Para sehemu ya rangi tu. Karafuu ni ya pili: mbili zinatosha kilo nzima, na zitoke baada ya saa moja. Mdalasini wa unga ukipikwa muda mrefu unatoa utelezi na uchungu wa vumbi; tumia kijiti, au nyunyiza unga mwishoni. Ukakasi unaokausha kinywa ni tunda bichi au maganda yake. Mtindi kidogo utaupunguza.

Rangi imegeuka

Kahawia: vipande vilikaa vimekatwa, chungu kikachelewa kupata moto, hewa ikafanya kazi yake. Vipake maji ya limau unapokata, si baada ya kumaliza.

Peasi zimekuwa za waridi: hazijaharibika. Joto refu na asidi hugeuza kitu kisicho na rangi kilichomo ndani yake kuwa rangi ile ile inayopaka beri wekundu. Mimi huifurahia.

Beri zimeacha madoa ya kijani au buluu kwenye unga wa juu: bekingi soda ilizidi. Rangi ya beri huwa nyekundu penye asidi, na hugeuka penye magadi. Linalika.

Oti za juu zimelowa badala ya kukauka

Hazitakauka kamwe humo ndani. Kukauka na kuwa kahawia kunataka joto la juu sana kuliko la kuchemka, na chini ya mfuniko huu kila kitu kimo kwenye mvuke. Ukitandaza kitambaa safi cha jikoni chini ya mfuniko, kikavu na kilichokazwa, kitameza matone na hali itakuwa nafuu. Hakikisha pembe zake zimekunjwa juu ya mfuniko, zisiguse ubavu wa chungu, na kwamba maelekezo ya chungu chako hayakatazi. Lakini nafuu si ukavu.

Kaanga oti pembeni bila mafuta, pamoja na lozi au korosho zilizokatwa, mdalasini na chumvi kidogo. Koroga bila kuacha kwa dakika 6 au 7 hadi zinukie na ziwe na rangi ya dhahabu. Zinyunyize sahanini wakati wa kula. Hazihitaji siagi wala sukari zikinukia namna hiyo.

Maziwa au tui vimekatika

Asidi, joto na muda vimekutana. Maziwa na mtindi visivyo na mafuta hukatika upesi kuliko vyenye mafuta. Tia baada ya kuzima, chungu kikiwa kimetulia dakika 10, na uvichanganye kwanza na vijiko vichache vya maji ya moto ya tunda ili visishtuke. Tui lililoachana hurudi likipigwa kwa mchapo. Maziwa yaliyokatika hayarudi. Yanalika, ila sura imeondoka.

Kingo zimeungua

Vyungu vingi vina waya wa joto ubavuni, kwa hiyo panapoungua kwanza ni pembeni. Chungu kilicho chini ya nusu ndicho kinachofanya hivyo, hasa kama tende zilizosagwa zimegusa kauri. Ziweke katikati, juu ya tunda. Kama kiasi chako ni kidogo na chungu ni kikubwa, weka bakuli la kuhimili joto ndani yake na upikie humo. Kilichoungua usikikwangue, chota cha katikati tu, kwani ladha ya kuungua husambaa kwa mwiko.

Siku ya tatu limechacha

Jamu hukaa kwa sababu ya sukari yake. Hiki si jamu. Likikaa nje saa zaidi ya 2 tayari limeanza safari mbaya, na bakuli zito la kauri likiingizwa zima kwenye friji hupoa polepole sana katikati, mbali na kwamba kauri ya moto ikikutana na ubaridi inaweza kupasuka. Hamishia kwenye vyombo vipana visivyo na kina, visizidi sentimita 5, viingie kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake. Lile ndani ya siku 3 au 4. La ziada ligandishe siku ile ile.

Wakati wa kupasha, tumia jiko hadi litokote, usitumie chungu hiki. Kinachukua muda mrefu mno kulitoa kwenye ubaridi. Likishapata moto jikoni unaweza kulirudisha chunguni likae kwenye joto la kutunzia wakati watu wanasubiriwa mezani, na hapo ndipo unapopara ganda la limau juu yake na kuleta oti zako.